Mshiko katika Rumba ya Kongo: Kaida za Kumbatio na Dhima Yake Mpakani Kasindi

1. Utangulizi

Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu rumba ya Kongo. Phyllis Martin (1995) amechunguza starehe na maisha ya mji wa Brazzaville wakati wa ukoloni. Gary Stewart (2000) ameandika historia ya bendi za pande zote mbili za mto. Bob White (2008) ameeleza jinsi muziki wa dansi ulivyofungamana na utawala wa Mobutu. Waimbaji wamehakikiwa, wapiga magitaa wamehakikiwa, na maneno ya nyimbo yamechambuliwa kwa dhamira zake. Anayesahauliwa mara nyingi ni mchezaji, na hasa mikono yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu: kwa nini watu wawili wanaocheza rumba hushikana kwa namna fulani na si kwa namna nyingine. Neno "mshiko" linatumika hapa kwa maana yake ya asili, yaani namna ya kushika au kushikana, wala si kwa maana ya fedha kama ilivyo katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam. Neno "kumbatio" linatumika kwa mshiko ambao ndani yake vifua vya wachezaji vimekaribiana.

Mahali palipochaguliwa ni Kasindi, mji wa mpakani katika wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini, ambako mto Lubiriha huitenganisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda. Kasindi haikuizaa rumba. Rumba ilikomaa mbali sana na hapo, Léopoldville na Brazzaville, na ilifika mashariki kwa redio, kwa sahani za santuri na kwa wasafiri. Nyimbo zake nyingi ni za Kilingala, ambacho si lugha ya nyumbani ya Wanande wa Beni na Butembo. Kwa sababu hiyo Kasindi ni mahali pazuri pa kuutazama mshiko. Watu wake waliupokea ukiwa kaida iliyokwisha kukamilika, na ilibidi wajiamulie wenyewe uwe na maana gani kwao.

Hoja kuu ya makala ni hii: kaida za mshiko hazikuwepo ili kuuzuia ukaribu. Zipo ili kuuwezesha ukaribu baina ya watu ambao hawana undugu, ahadi wala deni baina yao. Mshiko ukieleweka hivyo, hukumu mbili zinazotolewa mara kwa mara juu ya dansi hii hazina budi kupimwa upya.

2. Jina lilikotoka na mshiko ulikotoka

Hukumu ya kwanza ni ya wazalendo. Kwa maoni yao, rumba ni mali ya Kongo tangu mwanzo. Neno lenyewe, wanasema, limetokana na nkumba, yaani kitovu katika Kikongo. Ngoma ya vitovu ilivuka bahari pamoja na watumwa, ikakaa Kuba, kisha ikarudi kwao. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Jamhuri mbili za Kongo, na hoja ya kitovu ikapata nguvu zaidi.

Hukumu ya pili ni ya baadhi ya wahubiri. Kwa maoni yao, mwanamume na mwanamke wasiooana kushikana hadharani ni uhuni ulioletwa na wageni, na hauna mizizi katika mila za wazee wala katika imani.

Hukumu hizi zinapingana, lakini zina kasoro moja: zote mbili zinauliza asili, na hakuna inayoutazama mshiko wenyewe. Ushahidi wa Kuba unalionyesha jambo hili waziwazi. Rumba ya Kuba, ambayo nayo iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2016, katika aina zake za asili haina mshiko kamwe. Katika guaguancó, mwanamume na mwanamke huzungukana na kutegeana bila kukumbatiana. Mwanamume hujaribu kumgusa mwenziwe kwa ishara ya ghafla, naye mwanamke huikinga. Muziki uliofika Kongo kwa santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa na kampuni ya HMV mwaka 1933, kwa sehemu kubwa ulikuwa son, aina nyingine ya muziki wa Kuba, ingawa uliuzwa kwa jina la rumba. Son huchezwa na wawili walioshikana. Kwa hiyo jina limetoka katika ngoma moja na mshiko umetoka katika ngoma nyingine. Hata kama nkumba ndiyo asili ya jina, kitovu hakiwezi kuueleza mkono.

Mshiko wa son, kwa upande wake, una undugu na dansi za kumbi za Ulaya. Huko nako haukupokewa kwa amani. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaani waltz baada ya kuchezwa katika karamu ya kifalme, kwa hoja karibu zilezile zinazosikika leo mimbarini Kivu: kwamba ni ya kigeni, na kwamba inamweka mwanamke mikononi mwa mtu asiye wake. Anayeuita mshiko desturi ya Wazungu hana budi kukumbuka kwamba Wazungu wenyewe waliupokea kama desturi ya wageni.

Kabla ya santuri za GV, miji ya bandari na ya reli ya Kongo ilikuwa tayari na maringa, dansi ya wawili wawili iliyosafiri katika pwani ya Afrika ya Magharibi hadi Matadi. Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na njia yake. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na neno "dansi" likapata maana iliyojitenga na "ngoma". Tofauti hiyo ya maneno ina uzito. Katika ngoma nyingi za pwani watu hupanga safu au duara. Lelemama huchezwa na wanawake katika mstari, na beni, kama Terence Ranger alivyoonyesha (1975), iliigiza gwaride. Katika taarabu msikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji, kisha hurudi kuketi. Dansi ndiyo iliyoleta jozi, yaani wawili waliojitenga na kundi huku kundi likiwatazama. Jambo jipya lilikuwa hilo la kujitenga kwa wawili, nalo ndilo lililohitaji kaida.

3. Fani ya mshiko

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kutenga fani na maudhui, kisha kuharakisha kwenda kwenye maudhui. Katika mshiko njia hiyo haifai, kwa kuwa hakuna maneno ya kuchambua. Kinachosemwa ni mahali mkono ulipo.

Umbo la kawaida ni hili. Mkono wa kulia wa mwanamume hukaa mgongoni mwa mwanamke, karibu na kiuno. Mkono wa kushoto wa mwanamke hukaa begani kwa mwanamume. Mikono miwili iliyobaki hukutana pembeni, kwa kimo cha kifua au bega. Miili haisimami ana kwa ana kabisa. Kila mmoja husogea kidogo kushoto kwake, ili mguu wa kulia wa mmoja upate nafasi kati ya miguu ya mwenziwe. Kila sehemu ya umbo hili ina sababu yake.

Sababu ya kwanza ni ya mwendo. Wawili hawawezi kuhama pamoja wasipopeana habari, na habari yenyewe ni moja: uzito uko mguu gani. Kiganja kilicho mgongoni huipokea habari hiyo kabla ya jicho. Kiganja kikilegea mno, habari hupotea. Kikikaza mno, kinageuka amri na mwenzi hukakamaa. Kiswahili kina neno linalofaa hapa, "kumchezesha" mtu. Mnyambuliko huo wa kusababisha hauna maana ya kumburura. Anayechezeshwa anacheza kweli, na asipotaka kucheza hachezesheki.

Sababu ya pili ni ya nafasi. Dansi za kumbi za Ulaya husafiri: jozi huzunguka ukumbi mzima kinyume cha mwendo wa saa, na mkono wa mwanamume hukaa juu, karibu na bega, kwa kuwa kinachoongozwa ni kiwiliwili kinachosafiri. Rumba ya Kongo ilikulia katika baa, kwenye sakafu ndogo iliyozungukwa na meza. Jozi haisafiri mbali. Mwendo wake umo katika hatua fupi na katika nyonga zinazohamisha uzito taratibu kutoka upande huu hadi upande ule. Inaelekea ndiyo sababu mkono ukashuka hadi karibu na kiuno: umefuata mahali mwendo ulipo. Anayeuona mkono huo na kudhani ni tamaa peke yake ameisoma herufi bila kulisoma neno.

Sababu ya tatu ni ya macho. Watu waliokaribiana vifua hawawezi kutazamana usoni. Kila mmoja hutazama juu ya bega la mwenziwe. Kwa hiyo kumbatio, linaloonekana kutoka nje kama kilele cha ukaribu, huwanyima wawili kitu ambacho mazungumzo ya kawaida huwapa. Mwili uko karibu na uso uko faragha. Katika jamii ambazo kijana hatakiwi kumkazia macho mkubwa wake, mpangilio huu si jambo dogo. Shangazi anaweza kucheza na mpwa wake, na mkwe akacheza na mkwewe mbele ya watu, pasiwe na yeyote aliyevunjiwa heshima.

Sababu ya nne ni ya uhusiano. Nafasi iliyoachwa kati ya vifua, kimo cha mkono mgongoni, vidole vilivyofumbatwa au kuachwa wazi, vyote hivyo huwaambia waliokaa mezani wawili hawa ni nani. Mume na mke huruhusiwa kuiondoa nafasi. Wageni huiacha. Kimo cha mkono hufanya kazi kama ngeli katika sarufi: kikibadilika, upatanisho wa sentensi nzima hubadilika nao. Baada ya Vita Kuu ya Pili walimu wa dansi wa London waliiandikia rumba ya mashindano kanuni zake, hatua kwa hatua. Rumba ya baa na ya arusi nchini Kongo haikuandikiwa kitabu. Walinzi wa kaida zake ni macho ya waliokaa.

4. Sebene na kuachana

Mshiko hauwezi kueleweka bila kuujua mwisho wake. Rumba ya Kongo ilivyokomaa ina sehemu mbili. Kwanza huja beti na kiitikio, kwa mwendo wa pole, na maneno husikika. Kisha huja sebene, ambapo magitaa huchukua nafasi ya sauti na mwendo huharakishwa. Mpiga gitaa Henri Bowane, aliyeshirikiana na Wendo Kolosoy katika santuri za Ngoma mwaka 1948, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa waliolianzisha jambo hilo. Sebene inapoanza, wawili huachiana mikono na kila mmoja hucheza peke yake mbele ya mwenziwe.

Lugha hapa ina la kufundisha. Katika Kiswahili, kitenzi "kuachana" ndicho pia kinachotumika kwa talaka. Nje ya sakafu ya dansi, watu wakisikia kwamba fulani na fulani wameachana, huuliza kosa ni la nani. Ndani ya dansi watu huachana katika kila wimbo, na hakuna anayeuliza. Kuachana kumepangwa tangu mwanzo. Kwa hiyo anayeukubali mkono wa mgeni anajua anakubali nini: dakika chache, mbele ya watu, zenye mwisho ambao gitaa litautangaza. Wimbo ukiisha, kaida humtaka mwanamume amsindikize mwenziwe hadi alipokuwa ameketi. Sehemu hii ya mwisho hupuuzwa mara nyingi na waandishi, nayo ndiyo inayoukamilisha mkataba. Aliyeombwa hurudishwa mahali alipoombwa.

Historia ya sebene tangu miaka ya 1970 ni historia ya kupungua kwa mshiko. Zaiko Langa Langa, kundi lililoundwa Desemba 1969, liliirefusha sebene na kuipa ngoma nafasi kubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 alitokea atalaku, mpiga kelele wa bendi anayetaja mitindo na kuwahimiza wachezaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndombolo ilienea Afrika nzima, na sehemu ya pole ikawa kama mlango wa kupitia tu. Vijana wengi leo hucheza wakiitazama bendi au skrini, bega kwa bega, bila kugusana. Mshiko umebaki zaidi katika arusi, ambapo maarusi hufungua dansi kwa wimbo wa pole na wazee hufuata.

5. Jozi na safu

Dai kwamba kucheza bila mshiko ni uhuru zaidi lina ukweli, lakini historia ya Zaire inalitilia mashaka. Katika miaka ya 1970, chini ya siasa ya "uhalisi", utawala wa Mobutu uliendesha uhamasishaji wa kisiasa kwa ngoma na nyimbo. Wafanyakazi, wanafunzi na wanawake waliovaa vitenge vyenye picha ya rais walipangwa kwa safu na kucheza kwa pamoja, nyuso zikimwelekea mkubwa aliyeketi. Hapakuwa na jozi.

Safu ina uso mmoja, na uso huo umegeuzwa kuelekea jukwaani. Jozi imegeukiana. Wawili walioshikana wamelipa jukwaa mgongo au ubavu, na kwa dakika chache hawamtazami mwimbaji, mkuu wa wilaya wala rais. Si kwamba mshiko ni uasi. Wachezaji wa OK Jazz na wa African Jazz hawakukusudia kupindua serikali kwa viuno vyao. Lakini ni dhahiri kwamba utawala uliotaka kutazamwa na watu wote kwa wakati mmoja haukuwa na kazi na umbo la watu wawili wasiomtazama yeyote.

6. Mshiko wa watu wa mpakani

Kasindi ni mji wa watu wasiojuana. Upande wa pili wa mto Lubiriha ni Mpondwe, na Wakonzo wa Uganda ni ndugu wa Wanande kwa lugha na kwa ukoo. Lakini soko la mpakani huwavuta wengine pia: madereva wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa, wafanyabiashara wa Butembo, wabadilishaji fedha, maofisa wa forodha, askari waliotoka mikoa ya mbali. Kinande hutumika nyumbani, na Kiswahili hutumika sokoni. Kilingala hufika kwa njia mbili: kwa jeshi, ambalo limekitumia tangu enzi ya ukoloni, na kwa muziki. Lugha ambayo mchuuzi husemeshwa nayo na askari kizuizini ndiyo hiyohiyo ambayo jioni mwimbaji humbembelezea mpenzi. Hilo peke yake laonyesha jinsi jambo lilelile linavyoweza kutisha au kutuliza, kulingana na kaida iliyolizunguka.

Mkono nao ni hivyo. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki, kitenzi "kukamata" hutumika mahali ambapo Kiswahili sanifu kingetumia "kushika" au "kuchukua". Anayeambiwa akamate mkono wa mwenziwe haambiwi amtie mbaroni. Msikilizaji kutoka Tanzania hushtuka, kwani kwake kukamata ni kazi ya polisi. Katika Kivu ya Kaskazini, ambako kwa miongo kadhaa watu wengi, na wanawake hasa, wamekamatwa kweli kwa maana mbaya kuliko zote, tofauti kati ya kukamata kwa ruhusa na kukamata kwa nguvu si suala la kamusi. Mshiko wa dansi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo tofauti hiyo hufundishwa hadharani: mkono hunyooshwa kwanza, ukangoja, ndipo ukapokewa au ukakataliwa.

Haifai kuipamba kaida hii kupita kiasi. Aliyeomba kwa desturi alikuwa mwanamume, na kukataa kulikuwa na gharama. Mwanamke aliyenunuliwa kinywaji alihesabiwa kuwa na deni, na aliyekataa mara nyingi aliitwa mwenye maringo. Wanawake wa Léopoldville katika miaka ya 1950 waliijibu hali hiyo kwa kuunda vyama vya urembo na kusaidiana, wakienda baa kwa pamoja, wamevaa sare. Katika arusi za mashariki si ajabu wanawake wawili kushikana na kucheza pamoja, na hakuna anayewashangaa. Kwa hiyo kasoro ya kaida ilitibiwa kwa kaida nyingine. Wale walioonewa na mshiko walitafuta namna bora ya kushikana, na mshiko wenyewe hawakuuacha.

7. Wakati wa kutoshikana

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, katika wilaya ya Beni. Mlipuko huo uliodumu hadi tarehe 25 Juni 2020 ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Beni na Butembo zilikuwa katikati ya msiba. Kasindi ikawa kituo cha kupimwa joto na kunawa mikono kwa kila aliyevuka. Juni 2019 ugonjwa uliingia wilaya ya Kasese, Uganda, pamoja na watu wa familia moja waliotoka kumuuguza na kumzika mzee wao upande wa Kongo.

Katika miezi hiyo mshiko wa kila aina ulikatazwa. Watu waliacha kupeana mikono. Wengine waligusana viwiko, wengine waliinamisha kichwa tu. Maiti hawakuoshwa wala kukumbatiwa na jamaa zao, bali walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Upinzani uliotokea ulielezwa na wengi kuwa ni ujinga. Maelezo hayo hayatoshi. Watu walikuwa wameondolewa kaida zote za kumuaga mtu, na mwanzoni hawakupewa nyingine badala yake. Mazishi yalianza kukubalika zaidi pale familia ziliporuhusiwa kusali, kushuhudia na kushiriki kwa namna iliyo salama. Hapo kilichotolewa kilikuwa kaida mpya, na makatazo matupu hayakuwa na uwezo wa kuyafanya hayo.

Mfano ulio mzito zaidi ulionekana katika vituo vya kulelea watoto karibu na sehemu za matibabu za Beni na Butembo, vilivyosaidiwa na UNICEF. Watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa au walikuwa chini ya uangalizi walilelewa na watu waliopona Ebola. Waliopona walikuwa na kinga, na kwa hiyo waliweza kumpakata mtoto ambaye wengine hawakuthubutu kumgusa ila kwa glavu. Kumbatio likawa kazi yenye sifa zake, ratiba yake na watu wake maalumu. Jamii iliyopoteza mshiko wa kawaida ilijikuta inalazimika kuuliza maswali yaleyale ambayo dansi huyajibu: nani amshike nani, kwa namna gani, kwa muda gani, mbele ya nani.

Ebola ilipokwisha, hofu haikwisha. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalikuwa yameanza kuongezeka tangu Oktoba 2014. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi wakati wa ibada ya Jumapili na kuua waumini. Wahubiri wanaolaani dansi na wachezaji wanaowakwepa wahubiri walijikuta katika hatari moja, kwa sababu kilicholengwa ni mkusanyiko wa watu wasio na silaha. Kukaa pamoja, kwa sala au kwa dansi, kumekuwa jambo linalohitaji ujasiri.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la asili, ambalo limewashughulisha wazalendo na wahubiri, haliuelezi mshiko. Jina la rumba na mshiko wake vina nasaba tofauti, na hakuna hata nasaba moja iliyo safi. Kinachouhalalisha mshiko ni kazi unayoifanya. Kiganja hupeleka habari ya uzito, bega huficha uso, nafasi kati ya vifua hutangaza uhusiano, sebene huweka kikomo, na kusindikizana hadi kitini hufunga mkataba.

Wazalendo, basi, wangeitetea rumba vizuri zaidi kama wangeacha kukitegemea kitovu peke yake na kuutetea mkono. Wahubiri nao, ambao wengi wao waliwazika waumini wao bila kuwagusa, wana sababu ya kuutazama upya. Kinachostahili kulaumiwa ni mkono usioomba, usiojua kimo chake na usiojua kuachia. Mshiko wa dansi ukitendwa ipasavyo hufundisha kinyume cha hayo matatu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kasindi haikuwa kwao rumba, na wengi wanaoicheza hapo hawako kwao. Ni mji wa watu waliokuja jana na watakaoondoka kesho. Kwa watu wa namna hiyo, kaida inayomruhusu mgeni kumshika mgeni kwa dakika nne na kumrudisha kitini akiwa mzima ni sehemu ya maarifa ya kuishi, na ikipotea katika mji huu itakuwa kazi ngumu kuibuni tena.